Tangi lenye mlango mmoja

Fundi yeyote wa kiwandani atawaambieni kwamba kazi yake imesimama juu ya vipimo vinne: joto, kanieneo, mtiririko na usawa wa maji katika tangi. Leo nachukua hivyo viwili vya mwisho, kwa kuwa sisi wa Mbuji, huku juu milimani Umatengo, tunalo tangi kubwa chini yetu upande wa magharibi.

Tangi hilo ni Ziwa Nyasa. Huingiza maji ya mvua na ya mito, ukiwamo Ruhuhu wetu. Maji mengi zaidi hutoka kwa njia ya mvuke. Yaliyobaki hupita mlango mmoja tu, Mto Shire, huko Malawi. Mwaka 1915 mlango huo ulijifunga. Ziwa lilikuwa limeshuka mno, mchanga na matete vikaziba mdomo. Likakaa miaka ishirini hivi likijaa polepole, hata 1935 maji yakapita juu ya kizuizi na mto ukatiririka tena.

Wako wanaosema kizuizi peke yake ndicho kilichopandisha ziwa. Mimi sikubali. Eneo la ziwa ni kilometa za mraba 29,600 hivi, kwa hiyo sentimeta moja tu ya maji ni karibu meta za ujazo milioni 300. Shehena hiyo huletwa na mvua ikilishinda jua. Matete huchangia tu.

Mwaka 1965 pale Liwonde ulikamilika ukuta wenye milango ya chuma, ili mtiririko upimwe na kuongozwa kwa ajili ya mitambo ya umeme iliyo chini yake. Ni kama koki ya bomba, ila tangi hili halina boya. Mwaka 1980 ziwa lilipanda hadi karibu meta 477 juu ya usawa wa bahari, milango ipo pale pale.

Kwa watu wa Liuli na Mbamba Bay jambo hili si la mafundi peke yao. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliufuatisha mpaka na ufuko wa mashariki, nasi Tanzania tunadai mpaka uwe katikati ya ziwa. Mwalimu Nyerere alilisema wazi mwaka 1967. Sasa nauliza wanaoshikilia ufuko: ufuko upi? Wa 1915, au wa 1980, maji yakiwa yamepanda zaidi ya meta sita?