Safari ya fomu ya zahanati: kutoka delta ya Rufiji hadi madarasa ya Mlimani

Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alisubiri kivuko pale Ndundu ndipo avuke Mto Rufiji. Watu wa delta wana barabara yao nyingine, nayo ni maji. Ukiwa kwenye mikoko unapanga safari kwa kujaa na kupwa, siyo kwa saa.

Njia hizo ndizo zilizopitisha fomu za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya ulioanzishwa na serikali mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwisho wa mwezi mhudumu wa zahanati alifungua vitabu vyake, akahesabu vijistari kimoja kimoja: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria. Akajaza fomu, na fomu ikaanza safari ya kwenda Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilibeba na Kibiti.

Historia ya elimu ya kompyuta nchini huwa inasimuliwa kwa mashine. Kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukatua Dar es Salaam, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti. Yote ni kweli, ila hayatuambii vijana wetu vyuoni walijifunza kujenga nini, na kwa ajili ya nani.

Tukitaka jibu, twende Rufiji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2004, Wizara ya Afya na IDRC, shirika la utafiti la Kanada, waliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadodosaji wa Rufiji walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, kitabu cha kaya mkononi: nani kazaliwa, nani kahamia, nani kafariki. Eneo lililofuatiliwa lilikuwa na watu wapatao 85,000. Takwimu ziliingizwa kwenye kompyuta, kisha timu ya afya ya wilaya ikapewa michoro miwili ya kulinganisha: maradhi yanayoua zaidi, na mahali bajeti inakokwenda. Walipoona haviendani, wakahamisha fedha. Nyongeza waliyopewa haikuzidi dola 2 kwa mkazi kwa mwaka. Katika miaka takriban mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Kwangu mimi huu ndio mfano bora wa kumweleza mwanafunzi kwa nini hifadhidata yafaa ijengwe vizuri.

Miaka hiyohiyo Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ilishikana mkono na Chuo Kikuu cha Oslo kupitia HISP, mtandao wa ushirikiano wa mifumo ya taarifa za afya uliozaliwa Afrika Kusini mwaka 1994. Wanataaluma wa Mlimani kama Honest Kimaro na Juma Lungo walifanyia shahada zao za uzamivu Oslo, wakichunguza mifumo hiihii ya afya. Programu ya awali ya HISP ya kushughulikia takwimu za afya, DHIS, iliishi ndani ya kompyuta moja moja. Toleo la pili, DHIS2, liliandikwa upya kwa lugha ya Java ili lifunguliwe kwa kivinjari, likaanza kazi Kerala, India, mwaka 2006. Ni programu huria, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Hivyo kijana wa Mlimani aliweza kuusoma mfumo mzima unaotumika kweli, akaona jinsi wengine walivyopanga kazi, na kurekebisha palipopungua.

Mkoa wa Pwani ulikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kuujaribu mfumo huo kabla haujaenea nchi nzima kufikia 2013. Hapo ndipo somo lilipokuwa gumu. Mtandao ulipokatika katikati ya kujaza fomu, nusu saa ya kazi ilipotea. Wajenzi wa DHIS2 wakaifanya fomu ihifadhi tarakimu ndani ya kivinjari chenyewe, kisha izipeleke kwenye seva mtandao ukirudi. Mtu aliyejifunzia kwenye maabara yenye mtandao wa uhakika asingeliona hitaji hilo mapema.

Kisha Kibiti ikamegwa kutoka Rufiji, ikawa wilaya. Kwenye ramani ni mstari mmoja tu. Kwenye mfumo, kila zahanati ya upande wa Kibiti iliyokuwa chini ya Rufiji inahamishiwa kwa mzazi mpya, yaani wilaya mpya, na takwimu za miaka ya nyuma zibaki zikisomeka. Ukikosea, chanjo za Kibiti zinahesabiwa Rufiji, na bajeti ya dawa inafuata kosa hilo.

Wakuu wa idara za kompyuta wa Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko, nawaomba: wanafunzi wanaosomea programu za juu za wavuti wapangiwe mafunzo kwa vitendo Kibiti. Wapande boti Nyamisati, wakae na mhudumu wa zahanati siku anayofunga hesabu za mwezi, ndipo warudi waandike msimbo.