Star Wars: filme gani inajua namna utawala unakufa?

Kila mara vijana wanapoanza kubishana juu ya Star Wars, wanahesabu mapigano: ni nani anashika upanga wa mwanga vizuri, ni chombo gani cha angani kiko na mbio kupita vingine. Mimi nilisoma historia, kwa hiyo ninauliza swali ingine. Kati ya zile filme tisa za familia ya Skywalker, ni gani inajua namna utawala unazaliwa na namna unakufa? Jibu langu halitafurahisha wote: zile tatu zenye watu wanacheka sana njo ziko na wazo kubwa kupita zote. Shida ni kwamba zililisimulia vibaya.

Ya kwanza ilitoka Marekani tarehe 25 Mei 1977. George Lucas aliitengeneza kwa karibu dola milioni 11. Jangwa la sayari ya Tatooine walilipiga picha Tunisia, huku kwetu Afrika, na hata jina lenyewe linatoka ku mji wa Tataouine. Nguvu yake ni kusema mengi kwa maneno machache. Kuna kikao kimoja cha wakubwa wa Himaya: mmoja anaingia, anatangaza kwamba mfalme amevunja Seneti, kwamba magavana watatawala majimbo moja kwa moja, na kwamba woga wa ile silaha mpya, Death Star, utanyamazisha watu. Ni kama dakika moja tu, na umeelewa utawala wote. Uzaifu wake ni kwamba wazuri ni wazuri kabisa, wabaya ni wabaya kabisa, halafu inaisha na medali. (Chewbacca alipigana kama wengine, lakini medali hatumuone akivalishwa. Wenye wanasoma historia ya vita munaijua hiyo.)

Ile ya 1980, The Empire Strikes Back, kwangu njo bora. Lucas aliilipia mwenyewe kwa deni la benki, lakini kuongoza alimwachia Irvin Kershner, na senario iliandikwa na Leigh Brackett na Lawrence Kasdan. Ndani yake wazuri wanashindwa. Luke anakatwa mkono, tena anajua kwamba adui yake ni baba yake. Ile ya 1983 inarudilia Death Star, na wale wanyama wadogo wa pori, Ewok, wanaonekana kama vitu vya kuuza ku duka. Hata hivyo Lucas mwenyewe alieleza kwamba alifikiria Vietnam: watu wa silaha duni wakishinda jeshi lenye mashini nyingi. Wazo zuri, lakini dubu wa kuchezea hawakulibeba.

Sasa zile tatu za 1999, 2002 na 2005. Filme ya watoto yenye inaanza na ugomvi wa kodi ya biashara! Watu walichoka mapema. Jar Jar Binks aliwakasirisha, na yale maneno ya mapenzi ya Anakin juu ya mchanga yanachekwa hadi leo. Lucas aliongoza zote tatu yeye mwenyewe, na ninaona hakukuwa tena mtu karibu yake wa kumwambia "mzee, hapa hapana". Lakini angalia njia ya Palpatine pole pole. Mwaka wa 1999 anamsukuma malkia kijana kuomba Kansela aondolewe kwa kura, halafu yeye njo anachaguliwa. Mwaka wa 2002, vita inakaribia, anapewa mamlaka ya hali ya dharura, tena mwenye anayapendekeza ni Jar Jar, mtu wa roho safi. Palpatine anaahidi kuyarudisha shida ikiisha. Mwaka wa 2005 anatangaza Himaya, na Seneti inapiga makofi. Pande zote mbili za ile vita, yeye njo alikuwa anaziendesha kwa siri.

Hakuna mapinduzi ya usiku hapo. Hitler aliteuliwa Kansela kwa sheria tarehe 30 Januari 1933, na tarehe 23 Machi bunge likapiga kura ya kumpa mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Augusto pale Roma hakuvunja Seneti. Aliiacha ikae, akaondoka na nguvu zake. Lucas alisema waziwazi kwamba alifikiria Kaisari, Napoleon na Hitler. Mwanafunzi mwenye anataka kuelewa namna jamhuri inajiua kwa kura zake, ninamwambia aangalie hizo tatu, avumilie mchanga.

Mwaka wa 2012 Disney ilinunua kampuni ya Lucas kwa karibu dola bilioni 4. Filme ya 2015 ya J.J. Abrams ina mbio, wachezaji ni wazuri, na iliingiza zaidi ya dola bilioni 2. Lakini ile Jamhuri mpya inalipuliwa kwa dakika chache, mbele hata tujue ilitawala namna gani, juu ya nini ilikuwa zaifu, ni nani aliichoka. Rian Johnson, mwaka wa 2017, alijaribu kitu: Rey ni mtoto wa watu wa bure tu, na kuna matajiri wenye wanauzia silaha pande zote mbili. Mwaka wa 2019 Abrams akarudi, akafuta: Rey akawa mjukuu wa Palpatine, naye Palpatine akafufuka bila maelezo ya maana. Picha nzuri, muziki wa John Williams kama kawaida, lakini sababu hakuna. Tukio bila sababu, profesa wa historia angelikata kwa kalamu nyekundu.

Kazi yenye hizo tatu ziliacha ilikuja kufanywa ku televisheni, katika Andor ya 2022 na 2025. Pale Himaya ni ofisi, ripoti, gereza lenye linafanya kazi kama kiwanda, na wafanyakazi wa serikali wenye wanatafuta kupandishwa cheo.