VYUNGU VYA IKOMBE: WALIOISHI KWA KIPIMO KABLA YA SISI KUAMBIWA TUTUNZE MAZINGIRA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, kina mama wengi wana swali moja. Tunaambiwa tuache mkaa, tuache plastiki, tutunze ardhi ya Allah. Tunakubali. Lakini ukienda dukani, kila kinachoitwa "rafiki wa mazingira" bei yake ni ya wenye nazo. Mwenye kipato cha kubangaiza afanye nini? Je, kutunza mazingira ni ibada ya matajiri?

Leo nitajibu kwa historia ya kijiji kimoja tu. Soma taratibu mpaka mwisho, inshaAllah utapata faida.

1. NCHI NYEMBAMBA

Ikombe ni kijiji cha wilaya ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mbele kidogo ya Matema. Hapo Milima ya Livingstone inashuka wima mpaka majini. Ukisimama ufukweni, mgongoni una mlima na usoni una ziwa ambalo kina chake mahali penye kina kirefu kinafika mita 700 hivi. Shamba liko wapi? Ni kidogo sana. Ng'ambo ya pili, kwenye tambarare ya Kyela, Wanyakyusa wana mpunga, ndizi na ng'ombe. Wakisi wa Ikombe wao wana samaki, wana mitumbwi, na wana udongo wa mfinyanzi.

Kwa udongo huo wanawake wa Kikisi wamelisha nyumba zao kwa vizazi na vizazi. Wanaukanda mpaka ulainike, wanaujenga juu ya kigae kinachozungushwa kwa mkono, wanausugua kwa kijiwe mpaka ung'ae, wanaupamba kwa udongo mwekundu na mweupe, wanaukausha, kisha wanauchoma uwanjani kwa kuni na majani. Vyungu vyao vina kuta nyembamba na umbo zuri, na sifa yake imefika mbali. Mwaka 1977 mtaalamu wa Kitanzania, Simon Waane, alichapisha utafiti juu ya ufinyanzi huu wa Wakisi wa Ikombe.

Vyungu vilipakiwa kwenye mitumbwi vikapelekwa Matema, kwenye gulio la Lyulilo ufukweni, na kutoka hapo vikaenda Kyela, Tukuyu, Mbeya, na vingine upande wa Malawi. Zamani vilibadilishwa kwa nafaka. Ina maana mama asiye na shamba alikula mchele wa mwenye shamba, na mwenye shamba akapikia chungu cha asiye na shamba. Kila mmoja alimhitaji mwenzake.

Ndugu yangu, hakuna aliyewaambia wanawake wale watunze mazingira. Chungu kilitoka ardhini, kikafanya kazi miaka, kikivunjika kigae kilitumika kuchotea moto au kufunikia chungu kingine, mwisho kikarudi kuwa udongo. Huo haukuwa mradi. Ilikuwa bajeti ya nyumba.

2. TUSEME UKWELI JUU YA WENZETU

Historia ya ziwa hili ina ukurasa mwingine, na sisi Waislamu hatuna haki ya kuuruka. Katika miaka ileile ya 1880, upande wa magharibi wa ziwa, huko Karonga, alikuwepo mfanyabiashara Mlozi bin Kazbadema na wenzake waliotoka njia za pwani. Biashara yao ilikuwa pembe za ndovu na watu. Mwaka 1887 Wangonde wengi waliuawa, vikafuata vita na kampuni ya Waingereza, na Desemba 1895 Mlozi mwenyewe akanyongwa.

Walisali kama sisi. Lakini mali yao ilitoka kwenye kumaliza tembo na kuvunja familia za watu. Ng'ambo ya ziwa hilohilo, mwanamke ambaye pengine hakuwahi kusikia adhana alikuwa akipata riziki kwa mikono yake, bila kumdhulumu mtu wala mnyama. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) alikula kwa jasho lake. Basi jiulize: kati ya hao wawili, ni nani aliyeishi karibu zaidi na mafundisho hayo?

Mali inayoharibu ardhi na mali inayodhulumu watu mara nyingi hutoka mfuko mmoja.

3. SUFURIA NA DUMU VIKAINGIA

Sasa tuulize: kwa nini chungu kilirudi nyuma? Tusiwalaumu mama zetu.

Aluminiamu ilikuwa ghali kupindukia, bei yake ikilinganishwa na ya fedha, mpaka mwaka 1886 ilipogunduliwa Marekani na Ufaransa, kwa wakati mmoja, njia ya kuitenganisha kwa umeme. Baada ya hapo ikashuka bei na kuenea duniani. Sufuria ikafika mpaka jikoni kwetu. Nyepesi, haivunjiki, inachemka haraka. Baadaye ikaja plastiki: ndoo na dumu la lita 20.

Mama anayepanda kilima na maji kichwani ukimpa mtungi wa udongo na dumu, atachagua lipi? Mtungi ni mzito hata ukiwa mtupu, na ukiteleza umepoteza maji na chombo pia. Dumu lilikuwa nafuu ya kweli kwa shingo za wanawake. Anayehubiri turudi kwenye mtungi, huku yeye mwenyewe hajawahi kuchota maji, hajafanya uadilifu.

Na tuseme lingine: chungu nacho kinachomwa kwa kuni. Mlima ukiisha miti, mfinyanzi naye anaumia. Kwa hiyo siwaambii kwamba kila cha zamani ni safi na kila kipya ni haramu. La. Ninachosema ni kwamba wale wa zamani walikuwa na KIPIMO, na sisi kipimo tumekipoteza.

4. KIPIMO CHA MTUME (S.A.W.)

Mama Aisha (r.a.) ameeleza, katika Bukhari na Muslim, kwamba ilipita miandamo mitatu ya mwezi bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (s.a.w.), wakiishi kwa tende na maji. Hiyo ni nyumba yenye bajeti ya kubana kuliko yako na yangu. Tazama sasa waliishije:

- Maji: Anas (r.a.) amepokea kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa mudi nne hadi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili, kama robo tatu ya lita. Yaani aliweza kuoga kwa lita tatu na kidogo. Sisi tunafungua bomba la msikitini, tunaliacha linamwagika, tunazungumza siasa.

- Vyombo: katika Bukhari, Anas pia anaeleza kikombe cha Mtume kilichopasuka, mpasuko ukaungwa kwa uzi wa fedha. Hakikutupwa. Na Mtume alishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe.

- Fahari: ametukataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Tajiri na maskini wote wamebakiwa na vyombo vya kawaida. Na katika Suratur Rahman, aya ya 14, Allah (s.w.) anatukumbusha kuwa mwanadamu ameumbwa kwa udongo mkavu unaolia kama chombo cha mfinyanzi. Anayedharau chungu amesahau asili yake.

Kisha katika Suratul Furqan, aya ya 67, Allah anawasifu waja wake wanaotoa bila kufuja na bila ubahili, wakiwa katikati. Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Israfu inaharibu mfuko, na israfu hiyohiyo inaharibu ardhi. Ukiikata, umetibu maradhi mawili kwa dawa moja, na dawa hiyo hainunuliwi dukani.

5. UDONGO UMERUDI KWA SURA NYINGINE

Tazameni hekima ya Allah. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya walitengeneza jiko la mkaa lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani. Udongo unashika joto lisipotee, mkaa unaotumika unapungua sana ukilinganisha na jiko la bati tupu. Leo majiko ya namna hiyo yapo kwenye masoko yetu mengi. Ni elimu ileile ya mfinyanzi, imevaa koti la bati.

Tarehe 1 Juni 2019 serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Watu walilalamika wiki chache, kisha wakarudi kwenye kikapu cha bibi. Na Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni jambo jema, kwa sababu moshi wa kuni unaua mama zetu. Lakini neno letu "mtungi" limehama: zamani ulikuwa wa maji, ukitengenezwa na jirani, leo ni wa gesi, na ukiisha wakati mfuko mtupu, mama anarudi kwenye mkaa. Mwenye uwezo amsaidie jirani yake kujaza mtungi. Hiyo ni sadaka, na miti inayobaki imesimama imo katika sadaka hiyo.

6. TUFANYE NINI LEO?

Haya hayahitaji mshahara mkubwa:

Kwanza, loweka maharage usiku kucha. Yanaiva mapema, mkaa unabaki.

Pili, funika chungu au sufuria wakati wa kupika, na moto uuzime chakula kinapoiva. Usiuache unakula hewa.

Tatu, kama unaishi sehemu kavu yenye upepo, weka maji ya kunywa kwenye mtungi wa udongo kivulini. Maji yanapenya kidogo, yanakauka juu yake na kuondoka na joto. Umepata maji baridi bila umeme. Kwenye unyevu mwingi kama Kyela ubaridi unapungua, lakini maji yanabaki matamu.

Nne, kabla ya kununua kipya, uliza kama cha zamani kinatengenezeka. Fundi wa mtaani naye ana watoto.

Tano, ukipita Lyulilo au soko lolote lenye vyungu, nunua kimoja, na usimkandamize mama wa watu kwa bei. Utabishana naye shilingi mia tano, na dukani hulalamiki. Wafinyanzi wengi wa Ikombe si wa dini yetu. Jirani ana haki yake kwa dini yoyote aliyonayo.

Ndugu zangu, maskini asijione mnyonge katika jambo hili. Waliotuachia ardhi hii ikiwa na miti na samaki hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa kipimo. Na Siku ya Kiyama hatutaulizwa tulinunua chapa gani, tutaulizwa neema tuliitumiaje.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako, utukinge na israfu na ubahili, uibariki mikono inayofanya kazi, na utujaalie tuwaachie watoto wetu ardhi yenye kheri. Amin.

Wallahu a'lam. Ukiona faida, mfikishie na mwenzako.