Taa za Nyuma za Gari la Kale la Misioni

Katika Yubile hii tumewakumbuka mapadre, makatekista na walimu waliotutangulia; yafaa tuvikumbuke na vyombo vilivyowachukua. Hapo kale safari ilikuwa ya miguu au ya gari la ng'ombe, na mgonjwa aliye mbali na tabibu aliweza kufa kwa kukosa chombo. Hivyo ndivyo alivyokufa Padre Otto Fuhrmann mwaka 1925, katika nchi iitwayo leo Namibia. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, alihuzunika sana, hata mwaka 1927 akaanzisha huko Ujerumani chama cha MIVA, ili wamisionari wapate motakaa na vyombo vingine vya safari.

Mwaka 1925 huohuo, huko Marekani, kiwanda cha Ford kilianza kuuza pikapu yake ya kwanza, Model T yenye sanduku la mizigo nyuma. Kabla ya hapo wenye magari walijiundia masanduku wenyewe. Mwisho wa mwaka 1927 ikatokea Model A, iliyoundwa hata mwaka 1931, na gari letu la kale ni la ukoo huo.

Tulipolitengeneza kwa ajili ya maandamano, neno moja dogo lilitushindanisha, nalo ni taa za nyuma. Wengine walisema zifungwe taa mbili mpya za siku hizi, watu wasije wakagongwa. Wengine walisema irudishwe taa moja ya asili, tusiwafundishe watoto yasiyokuwapo. Ikatubidi kuzitazama habari zenyewe.

Model T za kwanza zilikuwa na taa ya nyuma ya mafuta ya taa. Mwaka 1919, betri na stata zilipoanza kuwekwa, magari yaliyopata vyombo hivyo yalipata na taa ya nyuma ya umeme. Model A ilitoka kiwandani na taa moja tu, upande wa kushoto, yenye balbu mbili: moja yawaka usiku na kuangaza kibati cha namba, ya pili yawaka dereva akanyagapo breki. Lakini Marekani huendesha kulia, na kwao kushoto ndiko katikati ya njia. Sisi twaendesha kushoto. Basi taa hiyo moja humwonyesha ajaye nyuma ukingo wa njia tu, na upande anaopitia yeye hubaki gizani.

Tena umeme wa gari hili ni wa volti 6. Balbu ya volti 12 ikitiwa humo hufifia. Balbu ya wati 21 kwa volti 6 yataka ampea 3½, lakini kwa volti 12 yataka nusu yake. Kwa hiyo waya wa kale lazima uwe mnene. Na upande wa chanya wa betri umefungwa kwenye chasisi, ili umeme upite katika chuma chenyewe. Kutu kidogo, au rangi iliyobaki chini ya bolti, yatosha kuizima taa. Ndipo fundi akakwangua rangi hata chuma kikang'aa.

Mwisho tulipatana hivi: taa mbili za namna ya kale, na kibao kidogo kieleze ya kuwa ya kushoto ni kama ilivyotoka kiwandani, na ya kulia imeongezwa kwa usalama wa watu. Hivyo hakuna aliyedanganywa, wala hakuna aliyehatarishwa.

Ninyi walimu, waonyesheni watoto taa hizo na kuwasomea kibao hicho. Kuwaheshimu wazee ni kusema kweli juu ya mambo yao, na pia kuwaangalia wale wanaotufuata nyuma.