Mluzi wa Kifuani

Neno walilolitumia Wayunani wa zama za Hippocrates kwa maradhi ya pumu halikuzidi maana ya kutweta, na tabibu Aretaeus wa Kapadokia, aliyeandika karne kadhaa baadaye, alimweleza mgonjwa aketiye wima na kukimbilia uwanjani kana kwamba hewa ya nyumba nzima haimtoshi. Ama watoto, aliwapitia kwa maneno machache tu, akisema kwamba wao hupona kwa wepesi, faraja isiyomfaa hata mmoja aliyezidiwa usiku.

Huko Misri, tabibu Musa bin Maimun, aliyefariki mwaka 1204, alitunga kwa Kiarabu risala juu ya rabu, kama Waarabu waiitavyo pumu, kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa daraja la juu, na humo akataja jambo ambalo mama yeyote aliyelea angelikiri: kwamba maradhi huanza mfano wa mafua ya msimu wa mvua, kisha pumzi humkaba mtu hata belghamu imtoke.

Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, tabibu Laennec alikunja karatasi ikawa kama mwanzi, akaiweka kifuani pa mwanamke mgonjwa na kutega sikio. Na kitabu chake cha mwaka 1819 kikawafundisha matabibu kupambanua sauti za mapafu. Mwaka 1860 Henry Hyde Salter wa London, mwenyewe mwenye pumu, alibainisha kwamba wagonjwa wengi walianza kuugua wangali wadogo.

Hata hivyo elimu hiyo ilichelewa mno kuwafikia watoto wenyewe. Katika karne ya 20, huko Uingereza, mtoto aliyelia mluzi kifuani aliambiwa ana mkamba, akapewa dawa za kuua vijidudu, akarudishwa nyumbani, na mwezi uliofuata akaletwa tena. Hata mwaka 1983 madaktari wa Newcastle walipochapisha uchunguzi wao, ikadhihirika kwamba wazazi wengi wa watoto hao hawakupata kuambiwa kamwe kuwa ile ni pumu. Naliona hilo kuwa dhuluma, japo haikukusudiwa, kwani jina likikosewa, dawa nayo hukosewa.

Nami nimekesha kando ya mtoto wa namna hiyo. Kikohozi kikavu kilimjia usiku wa manane, bila homa. Nilipomfunua shati niliona chembe cha moyo kikididimia kila avutapo pumzi, ngozi ikizama baina ya mbavu, mianzi ya pua ikitanuka, na maneno yakimtoka mawili mawili. Mluzi ulisikika zaidi alipotoa pumzi kuliko alipoivuta. Lau ungalikatika ghafla, naye angali akitweta na midomo ikigeuka rangi, isingalikuwa nafuu: ingalikuwa hewa haipiti tena, na hapo haingojewi alfajiri, mtoto hupelekwa hospitali saa ile ile.