Pingili za Kuazima

Mkulima wa mhogo wa Tarime au Serengeti kwa desturi haendi dukani kununua mbegu. Humwendea jirani, akakatiwa pingili, akapanda. Ni ukarimu wa zamani, nao umelisha watu wengi. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa wa batobato kali ulianza kuteketeza mihogo nchini Uganda, na kabla ya mwaka 2000 ulikuwa umeingia Kanda ya Ziwa. Ulienezwa na inzi weupe, na pia na wakulima wenyewe, waliobeba pingili zilizoonekana nzima.

Ndugu msomaji, watengenezaji wa programu za kompyuta nao huishi kwa pingili za kuazima. Hakuna aandikaye kila kitu mwenyewe. Huchukua vifurushi vilivyoandikwa na watu wengine, mara nyingi bure, na kila kifurushi hutegemea vingine. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kifurushi chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, na kazi za watengenezaji wengi duniani zikakwama kwa saa kadhaa.

Hatari kubwa zaidi ni ya kuazima kisha kusahau. Tarehe 7 Machi 2017 ilitangazwa kasoro katika kifurushi cha Apache Struts, na dawa yake ikatolewa. Kampuni ya Equifax ya Marekani haikuiweka dawa hiyo mahali pote palipohusika. Kuanzia Mei hadi Julai wezi waliingia, wakachukua habari za watu wapatao milioni 147. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Desemba 2021 zamu ilikuwa ya Log4j, kifurushi cha kuandika kumbukumbu katika programu za Java. Kilitunzwa na watu wachache wa kujitolea, lakini kilikuwa kimejificha ndani ya programu nyingi mno. Tatizo la kwanza la ofisi nyingi lilikuwa kujua kama wanacho. Dawa ya kwanza nayo haikutosha. Kabla ya mwezi kwisha, matoleo ya marekebisho yalifuatana moja baada ya jingine.

Jambo hili si la Wazungu peke yao. Kwa miaka mingi zahanati zetu, za Mugumu hata za Sirari, zimejaza vitabu vya MTUHA: wajawazito, chanjo, malaria. Kufikia mwisho wa 2013 hesabu hizo zilikuwa zikiingizwa, nchi nzima, katika DHIS2, programu iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na kusimikwa hapa kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nayo imeandikwa kwa Java, juu ya vifurushi vya wengine. Muuguzi anayehesabu dozi za chanjo hajui majina ya vifurushi hivyo, lakini hesabu yake imekaa juu yao.

Je, dawa ni kukimbilia kila toleo jipya? Hapana. Tarehe 29 Machi 2024 mtaalamu Andres Freund alifichua kwamba matoleo mapya ya kifurushi cha xz, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yametiwa mlango wa siri kwa makusudi. Safari hii waliokuwa hatarini ni waliowahi, na aliyebaki na toleo la zamani alisalimika.

Nimeongoza chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na somo hili nalisoma kwa jicho la mtunza leja. Kwanza, andika ulichoazima na kwa nani; asiye na leja hawezi kujua kilichoharibika. Pili, kague mara kwa mara, kidogo kidogo, kwa sababu aliyeacha miaka mitano ipite hukuta mabadiliko mengi asiyoweza kuyabeba kwa siku moja. Tatu, kijaribu kilicho kipya pembeni kabla ya kukitegemea, isipokuwa ufa ukiwa tayari umetangazwa. Hapo kuchelewa ndiko hatari.

Mkulima makini hufanya vivyo hivyo. Hukagua majani ya shina mama, hupanda pingili ngeni peke yake, huzitazama, na zenye batobato huzing'oa. Hakuacha kuazima kwa jirani. Aliacha kuazima huku amefumba macho.