Risasi Moja, Majeraha Mawili: Historia Fupi ya Kanuni za Mashabiki

Daktari Watson alirudi kutoka vita vya Afghanistan na jeraha la risasi. Swali ni moja tu: jeraha hilo liko wapi? Katika A Study in Scarlet (1887) liko begani. Katika The Sign of the Four (1890) limehamia mguuni. Mwaka uliofuata Arthur Conan Doyle akateleza tena: katika "The Man with the Twisted Lip" mke wa Watson anamwita mumewe James, na wote tunajua anaitwa John.

Msomaji wa kawaida anacheka, anafungua ukurasa unaofuata. Shabiki hawezi. Na naamini hapa ndipo inapoanzia historia ya kitu ambacho wengi wetu tunakidharau: zile kurasa ndefu za kanuni za uandishi kwenye wiki za mashabiki. Tumia wakati uliopita, jina la chombo liandikwe kwa herufi za mlazo, kila sentensi itaje ilikotoka. Ukizisoma haraka utadhani ni kazi ya makarani waliokosa shughuli.

Mwaka 1911 kijana mmoja msomi wa Oxford, Ronald Knox, aliwasomea wenzake insha kuhusu Sherlock Holmes. Alizichambua hadithi hizo kwa mbinu ambazo wanazuoni wa Kijerumani walizitumia kuichambua Biblia: kipande hiki ni cha kweli, kile kimepachikwa na mkono mwingine. Ulikuwa utani wa kuwakejeli wanazuoni hao. Doyle mwenyewe alimwandikia barua, amefurahi na ameshangaa kwamba kuna mtu aliyejipa taabu hiyo yote.

Lakini utani ukapata wafuasi, nao hawakuwa wanatania. Dorothy L. Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alilimaliza suala la James kwa hoja moja: ile H katika John H. Watson ni Hamish, yaani James kwa Kiskoti. Mke alikuwa anatumia jina la pili la mumewe, basi! Na mwaka 1946 Sayers alisisitiza kwamba mchezo huu lazima uchezwe kwa uzito wote, uso mkavu. Hiyo kwangu ndiyo kanuni mama. Huruhusiwi kusema "mwandishi alisahau". Unaandika kana kwamba Watson aliishi, na jibu unalitafuta ndani ya ulimwengu wake.

Hadithi zile 60 za Holmes wafuasi wake waliziita "canon", neno la kanisani, la vitabu vilivyokubaliwa kuwa Biblia. Neno hilo na sisi tunalo. Lilitoka kwenye Kigiriki, ambako lilikuwa fimbo ya kupimia, likapita kwenye Kiarabu, likatufikia kama kanuni. Waingereza wana neno moja kwa matini yaliyokubaliwa na lingine kwa masharti ya uandishi. Sisi tunasema kanuni za sarufi, na kanisani tunasali Kanuni ya Imani. Neno ni lile lile, na historia ya mashabiki inaonyesha kwamba mambo haya mawili hayaachani.

Twende mbele hadi 1995, Ward Cunningham alipotengeneza tovuti ambayo msomaji yeyote angeweza kuihariri. Aliiita wiki, na si wiki yetu ya siku saba: ni Kihawai, maana yake haraka, jina aliloliona kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Mwaka 2001 ikaja Wikipedia. Kuhusu hadithi za kubuni, Wikipedia ina msimamo wake: andika ukiwa umesimama nje, katika ulimwengu wetu, na matukio yasimulie kwa wakati uliopo. Holmes anaanguka, Holmes anarudi. Kitabu ukikifungua leo, mambo yanatokea leo.

Mwishoni mwa 2003 mashabiki wa Star Trek walianzisha wiki yao, Memory Alpha, wakageuza kila kitu. Makala zinaandikwa kutoka ndani, kwa wakati uliopita, kana kwamba mwandishi ni mtunza nyaraka wa zama za mbali sana. Yanayohusu waigizaji na watengenezaji yanatengwa kando. Kinachohesabika ni kilichoonekana kwenye filamu na televisheni, riwaya hapana. Jina lenyewe walilitoa kwenye kipindi cha 1969, "The Lights of Zetar": Memory Alpha ni maktaba kuu angani, iliyoachwa bila ngao kwa sababu maarifa yake ni ya wote. Inashambuliwa, na kumbukumbu zake zinateketea. Jina zuri kwa tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kuingia na kufuta! Ngao pekee waliyokuwa nayo ni kanuni zao.

Wookieepedia, wiki ya Star Wars, ilifuata mwaka 2005. Nayo ilichagua wakati uliopita kwa mambo ya ndani ya hadithi, na tofauti na jirani yake, riwaya iliziruhusu ndani. Hapo ndipo mtihani mkubwa ulipowakuta. Mwaka 1999, katika riwaya Vector Prime ya R. A. Salvatore, Chewbacca alikufa, akiangukiwa na mwezi mzima. Watu walilia. Kwa miaka 15 kifo hicho kilikuwa kweli. Halafu tarehe 25 Aprili 2014 Lucasfilm, iliyokwisha nunuliwa na Disney, ikatangaza kwamba riwaya zile zote sasa ni "Legends", ngano tu. Mwaka 2015 Chewbacca yupo kwenye skrini, mzima wa afya.

Sasa ungekuwa wewe mhariri ungefanya nini? Kufuta ni rahisi. Mwenye mali ameshasema. Lakini kuna mtu alikua na vitabu vile, na huwezi kumwambia kwamba ujana wake haukutokea. Wookieepedia wakaamua kwa njia ya muundo: mhusika mmoja, kurasa mbili, na juu yake sehemu mbili za kubonyeza, Canon na Legends. Ukienda upande huu yu hai, ukienda ule alikufa akiokoa watu. Kila upande na marejeleo yake, kila sentensi na ilikotoka.

Uamuzi huo ungeweza kuitwa mpangilio wa ukurasa tu. Mimi naona ni mpangilio uliookoa maktaba. Kampuni ilikuwa na haki ya kuamua kipi kinaendelea, lakini haikuwa na uwezo wa kuamua kipi kilisomwa. Na hilo liliwezekana kwa sababu watu walikuwa wamezoea, kwa miaka, kuandika kila jambo limetoka wapi. Bila mazoea hayo, siku ile ya 2014 nani angejua kipi kikae upande gani?

Na jeraha la Watson? Bado liko begani, na bado liko mguuni. Ukiliandika, taja kitabu.